Usukani wa Mzee

Fundi aliamka amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa jana wala wa juzi. Ulikuwa umemkaa mabegani miaka na miaka, mpaka ameuzoea kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Alikunywa chai akiwa amesimama, mkewe akamwambia kola imegeuka, akaiweka sawa, akatoka.

Gereji yake ilikuwa uani mwa nyumba ya kupanga: kuta pande tatu, bati juu, meza ndefu ya mbao iliyolowa mafuta, na shimo la kuingilia chini ya magari alilolichimba mwenyewe enzi ambazo mgongo ulikuwa bado unamtii. Asubuhi ile alimkuta dada yake mkubwa amesimama mlangoni, kavaa nguo za kazini, mkoba begani, na uso wa mtu ambaye ameongea peke yake njia nzima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Baba anakuletea gari leo," dada akasema, hata salamu haijapoa. "Jana limemshinda kukata kona ya kwetu, akalivaa tanki la maji la jirani. Limepasuka. Maji yakatapakaa mpaka barabarani, na yeye kashikilia usukani anaangalia mbele kama vile hakuna kilichotokea."

"Usukani unavuja mafuta. Nilimwambia zamani."

"Habari za mafuta mimi sizijui. Najua habari za baba. Macho yake siyo yale, goti linamuuma, honi haisikii mpaka uipige mara tatu. Mwezi uliopita geti, jana tanki. Siku nyingine itakuwa mtoto wa mtu." Akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Nisikilize, mdogo wangu. Usilitengeneze. Mwambie spea hazipatikani. Litakaa pale nyumbani, kuku watalala humo, naye atazoea."

"Kwani analiendesha kwenda wapi?"

"Ningejua ningekwambia. Kila Alhamisi asubuhi anatoka, anarudi mchana amechoka hoi. Ukimuuliza, anasema alikwenda kupunga upepo. Upepo gani huo wa kila Alhamisi?"

Fundi akajikuna shingo. "Nitaona."

"Nitaona, nitaona. Hilo ni jibu la baba hilo," dada akasema, akatazama saa yake, akaondoka mbiombio kuwahi kazini.

Hazikupita dakika nyingi, gari likasikika kabla halijaonekana. Pampu ya usukani ilikuwa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na ubavuni lilikuwa na mkwaruzo mpya wa rangi ya buluu, rangi ya lile tanki. Mzee aliliingiza uani kwa kujaribu na kurudia, kisha akazima, akabaki amekaa ndani akivuta pumzi. Alikuwa mtu mrefu, dereva wa malori makubwa tangu ujana wake mpaka kustaafu, na hata sasa alikuwa akikaa kwenye kiti cha gari lile dogo kama aliyekiazima.

"Linalia," akasema, baada ya fundi kumwamkia.

"Nalisikia, baba."

"Basi linyamazishe. Alhamisi nalihitaji."

Fundi hakuhitaji kumdanganya mtu. Uongo alioombwa na dada yake ulikuwa ukweli mtupu: spea hazikuwapo. Alikwisha kuulizia kila duka analolijua ile reki, yaani chuma kirefu chenye meno kinacholala chini ya injini na kuyavuta magurudumu kulia na kushoto. Mpya hazitengenezwi tena. Zilizotumika, zile za kwenye magari mabovu, alipewa mbili azijaribu, na zote zilikuwa na ugonjwa uleule wa kuvuja.

Lakini kulikuwa na njia nyingine, na hiyo hakumwambia dada. Mtu anaweza kuung'oa msaada wote unaolainisha usukani, pampu na mkanda na mabomba na mafuta yake, akaiacha reki ifanye kazi kwa nguvu za mikono ya dereva. Haivuji tena kwa sababu haina cha kuvuja. Ila usukani unakuwa mzito. Fundi alilifikiria hilo akiwa ameshika kifuniko cha injini, na moyoni akahisi unafuu ambao hakutaka kuutazama usoni. Gari lingetengenezeka, mzee asiwe na la kulalamika. Na uzito wa usukani ungemwambia mzee lile neno ambalo watoto wake wote lilikuwa limewakaa kooni.

Akamweleza. Mzee akasikiliza huku amekunja midomo.

"Mzito kiasi gani?"

"Ukiwa mwendoni, si sana. Ukisimama, ukitaka kuegesha au kugeuza, utausikia."

Mzee akacheka kidogo puani. "Mimi nimeendesha lori ambalo kona ikiwa mji mwingine, wewe unaanza kuizungushia usukani huku. Tulikuwa tunavuta wawili, mimi na utingo wangu. Nikishusha mimi, anapandisha yeye. Fanya."

Kazi ile haikuwa ya kumaliza kwa siku moja. Fundi aliingia shimoni, akafungulia mabomba, mafuta yakachuruzika kwenye karai, meusi badala ya mekundu, yananuka kuungua. Akatoa mkanda, akatoa pampu, akaiweka sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukawa na ukimya. Reki yenyewe ilimsumbua. Boliti zake zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu wenye siri moja. Kila alipovuta spana, bega la kulia lilimchoma, akawa anapumzika katikati ya kila boliti, amefumba macho, paji la uso likigusa chuma baridi cha chini ya gari.

Mzee hakwenda nyumbani. Alikaa juu ya tairi kuukuu, fimbo katikati ya magoti, akitazama. Siku ya pili pia alikuja mapema na kukaa palepale.

Siku hiyo reki ilikuwa mezani, imefunguliwa, imeoshwa kwa petroli mpaka meno yake yanameta. Fundi alikata kwa kisu zile pete za mpira zilizokuwa zinazuia mafuta, kwa kuwa sasa zingekuwa breki bure. Kisha akachukua kile kipande cha juu kinachoungana na usukani. Ndani yake kuna kijiti chembamba cha chuma kinachojikunja kidogo mkono unapovuta, na kwa kujikunja huko ndiko mafuta yalikokuwa yakijua yasukume upande gani. Pasipo mafuta, kujikunja huko kungekuwa kulegea tu: ungezungusha usukani na gurudumu lingechelewa kuitika. Akavaa miwani myeusi, akakichomelea kidogo upande huu, akaacha kipoe, kidogo upande ule, akaacha kipoe tena. Hakuwa na haraka. Sehemu hii haikuwa ya kubahatisha, kwa kuwa ikikatika barabarani mtu hana tena gari, ana jeneza lenye magurudumu.

Alipovua miwani, mzee alikuwa anamtazama yeye, si chuma.

"Dada yako alikuja hapa jana."

Fundi akachota grisi kwa vidole. "Alikuja."

"Nilimpita njiani. Akajitia kuangalia ng'ambo. Alisema usinitengenezee."

Fundi akaendelea kupaka grisi kwenye meno ya reki, jino kwa jino.

"Na wewe ukaona umridhishe yeye na mimi uniridhishe," mzee akasema, taratibu tu, pasipo hasira. "Gari litembee, lakini liwe zito, nishindwe mwenyewe. Lawama isiwe ya mtu."

"Spea hazipo kweli, baba."

"Najua hazipo. Nimezitafuta kabla yako. Sikukuuliza habari za spea."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilalamika. Fundi alijiona mtoto tena, amesimama mbele ya mzee huyuhuyu na kikombe kilichovunjika mkononi. Sasa naye alikuwa na nywele nyeupe, na watoto waliooa, na bado.

"Ndiyo, baba," akasema mwishowe. "Nilifikiri hivyo."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyepokea bei ambayo alikwisha kuikisia. Akainuka kwa kuegemea fimbo, akasogea mezani, akaipapasa reki kwa dole gumba.

"Zifunge vizuri hizo boliti," akasema. "Zisije zikafunguka."

Alhamisi asubuhi gari lilikuwa tayari. Fundi alitaka kulijaribu peke yake, lakini mzee alikwisha kukaa nyuma ya usukani, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kutokea. Basi fundi akaingia upande wa pili, mikono ikinuka grisi, akafunga mkanda.

Kulitoa uani kulikuwa kazi. Mzee alivuta kwa mikono miwili, akajiegemeza mbele kwa kifua, gari likatoka. Lakini lilipofika barabara kuu na kushika mwendo, usukani ukalainika, likawa linakwenda vizuri, pasipo yule paka wa pampu, na mabega ya mzee yakashuka.

"Sasa hili ni gari," akasema. "Barabara unaisikia mikononi. Lile la pampu lilikuwa kama kushika mkono wa mtu aliyelala."

Fundi akatabasamu bila kutaka. Kisha akagundua kwamba wameipita njia ya kurudi nyumbani. Mzee hakueleza. Akapita nyuma ya soko, akapita mahali wanapouza mbao, akaingia mtaa wa vyumba vilivyopangana kama visanduku vya kiberiti, akasimama mbele ya mlango wa pazia la kijani. Hata honi hakupiga. Pazia likafunguka lenyewe, na mama mmoja jirani akatoka akisukuma kiti cha magurudumu.

Kwenye kiti alikaa mzee mwembamba, kofia kichwani, mguu mmoja umekatwa juu ya goti, na ule wa pili umefungwa bandeji mpaka kwenye vidole. Fundi alimwangalia kwa muda ndipo akamjua. Alikuwa yule utingo wa baba yake, aliyekuwa akiweka magogo chini ya matairi na kulala juu ya shehena. Nyumbani walikuwa wakimwita baba mdogo, ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Ilikuwa imepita miaka mingi bila kumsikia akitajwa, na fundi, kwa kutotajwa huko, alikwisha kumzika kichwani mwake.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema, akishuka kumsaidia.

"Marahaba." Yule mzee akamkagua kwa jicho moja. "Huyu ndiye yule aliyekuwa anatapika ndani ya lori?"

"Ndiye," dereva akajibu kutoka ndani.

"Amekua," utingo akasema. "Mwangalieni, siku hizi hanuki matapishi, ananuka grisi."

Walimwinua, mama jirani akishika mgongo na fundi akishika mapaja, wakamketisha kiti cha nyuma, kiti cha magurudumu wakakikunja na kukitia kwenye buti. Mwepesi alikuwa, mwepesi kupita kiasi. Njiani fundi akaelewa mambo kwa vipande. Ilikuwa sukari. Mguu wa kwanza ulikwenda nayo, na wa pili ulikuwa na kidonda cha kusafishwa kila Alhamisi. Watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na yake. Ndipo mzee akawa anampeleka, toka mvua za mwaka jana.

"Mbona hukutwambia, baba?"

Mzee hakuondoa macho barabarani. "Mngeleta kikao. Mngesema tumtafutie gari la kukodi, tumtafutie kijana wa kumsindikiza. Mambo mazuri yote." Akabadilisha gia. "Lori likikwama mlimani, breki zimelegea, yeye ndiye aliyekuwa anashuka na gogo na kusimama nyuma ya tairi. Mimi nilikuwa nimekaa. Miaka yote ile mimi nilikuwa nimekaa."

Kutoka kiti cha nyuma utingo akasema, "Na ulikuwa unakaa vibaya vilevile. Angalia mbele."

Zahanati ilikuwa na ua mdogo, na asubuhi ile ulikuwa umejaa magari na pikipiki. Mlinzi aliwaonyesha nafasi pembeni ya ukuta, nafasi ya kuingia kwa kukata kushoto, kurudi nyuma, kukata tena. Mzee akapunguza mwendo, karibu gari lisimame, akaanza kuvuta usukani.

Ukaja kidogo, kama upana wa kiganja, ukagoma. Akashusha pumzi, akashika upya, akavuta. Fundi aliona mishipa ikisimama kwenye mikono ile mirefu, na viwiko vikianza kutetemeka. Nyuma yao gari likapiga honi, likapiga tena. Mzee hakulisikia, au alijitia hamnazo.

"Vuta, dereva," utingo akasema polepole, na hakukuwa na mzaha tena katika sauti yake. Akajisogeza mbele akanyoosha mkono katikati ya viti, lakini mkono haukufika kwenye usukani, ukaishia kwenye bega la mzee, ukabaki pale.

Fundi naye akanyoosha wake.

"Toa mkono," mzee akasema.

Akautoa. Mzee akajaribu tena, midomo imebanwa, jasho likimtiririka kwenye mikunjo ya shingo. Usukani ukasogea, ukarudi. Honi ya nyuma ikalia kwa muda mrefu. Mlinzi akaja dirishani, akaona, akaenda kumnyamazisha yule mwenye honi.

Ndipo mzee akavuta breki ya mkono. Akaiweka mikono yake mapajani, ikiwa imefunguka, akaitazama.

"Njoo huku," akamwambia mwanawe.

Wakabadilishana. Mzee alizunguka mbele ya gari ameshikilia boneti, hatua fupi fupi, shati lake la pasi limegandia mgongoni. Fundi akakaa kwenye kiti kilicholowa jasho la baba yake, akashika usukani, akavuta. Bega likamchoma mpaka akauma meno. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhania akiwa mezani na grisi yake. Akavuta, akarudi nyuma, akavuta, na lilipokaa sawa kwenye nafasi yake naye alikuwa anahema. Hakuthubutu kumtazama mtu.

Walimwingiza utingo kwa muuguzi, wakakaa wawili kwenye benchi la ukumbini, chini ya feni inayozunguka bila kuleta upepo. Kutoka nyuma ya mlango walimsikia utingo akimwambia muuguzi kwamba mguu huo autunze vizuri, maana ndio uliobaki wa kuingilia peponi.

"Dada yako usimwambie nilishindwa," mzee akasema.

"Nimwambieje?"

"Mwambie siku za Alhamisi gari unalitumia wewe."

Fundi akaangalia mikono yake. Aliyafikiria magari yaliyompanga foleni gereji, lile lisilo na injini na lile lenye mwenyewe mkali wa kupiga simu kila saa. Alilifikiria bega lake. Akafikiria kwamba sasa hivi, kama angekuwa na akili, angesema tumtafutie gari la kukodi.

"Sawa, baba," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Baada ya kitambo akaongeza, "Bado lakini umelifunga vizuri. Halina kulegea hata kidogo." Naye hakuwa anamkejeli.

Jioni ile fundi akampitia dada yake, wakaongea jikoni, mzee akiwa amelala chumbani na mlango umerudishiwa. Alimwambia yote isipokuwa lile aliloombwa asiliseme, lakini dada hakuwa mtoto. Akaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, sufuria ikichemka peke yake.

"Kumbe baba mdogo yuko hai," akasema. Kisha, "Na mimi nikawa nadhani ana mwanamke." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawana nguvu ya kucheka sana. Halafu dada akajifuta macho kwa upande wa khanga, akauliza yule mzee anapikiwa na nani, na kama bandeji wanampa zahanati au ananunua.

Tangu hapo Alhamisi zikawa za fundi. Wateja walinung'unika, wakazoea. Dada alikuwa akifunga chakula kwenye bakuli lenye kifuniko na kumpa mzee alipakate njiani. Mzee alikaa kiti cha pembeni, na hakuwa abiria mzuri. Alikanyaga breki isiyokuwapo, alisema kata sasa, bado, bado, sasa, na utingo kutoka nyuma alimuunga mkono fundi kwa kila ubishi ili kumuudhi mwenzake. Wawili hao walisimuliana barabara walizopita, na hawakukubaliana juu ya hata moja. Fundi aliendesha, bega likimwuma kila kona, na usiku mkewe alimpaka dawa ya misuli akimwuliza kwa nini asitafute namna ya kuurudisha ule usukani wa zamani. Alisema ataona.

Alhamisi moja, wakirudi, sauti ya kiti cha pembeni ilikatika katikati ya sentensi. Fundi akageuka. Mzee alikuwa amelala, kidevu kifuani, bakuli tupu mapajani, mikono imelishikilia kwa pande zote mbili.

Walikuwa wanakaribia njia ya soko, yenye kona moja mbaya na mashimo.

"Usimwamshe," utingo akanong'ona. "Pita ile ndefu."

Gereji kulikuwa na watu wanamsubiri, naye alilijua hilo. Akawasha taa ya kukata, akashika njia ndefu, ambayo angalau ilikuwa imenyooka.